Acheni kuisingizia sin: hesabu inaharibikia kabla yake au baada yake

#1 FundiBodi (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti muda humu ndani bila mtu kuleta picha ya skrini akilalamika kwamba kompyuta yake haijui hesabu. Kaomba sin ya nyuzi 30, kajibiwa 0.49999999999999994. Mwingine kaomba sin ya pai akitegemea sifuri, kapewa 1.2246467991473532e-16 (e-16 maana yake mara 10 kwa kipeo cha -16). Zinaanza kelele: lugha hii mbovu, hamia ile. Akihamia anakuta namba zilezile hadi tarakimu ya mwisho, ananyamaza, halafu anakuja mwingine na picha yake.

Leo bodi za wateja zimeisha na umeme upo, ngoja niandike uzi mmoja tuwe tunawaelekeza hapa.

Dabo (double, namba ya desimali ambayo kompyuta nyingi hutumia) ina biti 53 za tarakimu, yaani kati ya tarakimu 15 na 17 za kawaida. Pai haina mwisho, kwa hiyo ile unayoiweka kwenye programu siyo pai, ni namba jirani yake: 3.141592653589793116 hivi. Pai yenyewe inakwenda 3.141592653589793238. Toa ndogo kwenye kubwa, unabaki na 1.22e-16. Sasa rudi kwenye picha ya mlalamikaji. Namba ni ileile! Karibu na pai, sin ya namba yoyote ni sawa na kiasi ambacho namba hiyo imepelea kufika pai. sin imepewa namba iliyopelea, ikarudisha upungufu wenyewe kwa tarakimu zote ilizonazo. Ingerudisha sifuri, hapo ndipo ingekuwa imekudanganya.

Nyuzi 30 ni hadithi hiyohiyo. Ili kupata radiani, kipimo cha pembe ambacho sin inakitumia, ulizidisha kwa pai iliyopelea, ukagawa kwa 180, ukaipa sin pembe iliyo chini kidogo ya nyuzi 30. Ikakupa jibu lililo chini ya nusu kwa hatua moja tu, ndogo kuliko zote zinazowezekana hapo. Na wale wa tan ya nyuzi 90 wanaoshangaa kupata 1.633123935319537e16 badala ya kosa: hamkuipa nyuzi 90. Radiani za nyuzi 90 hazimo kwenye dabo, hazitakaa ziwemo.

Kwa kifupi, laibrari za sasa (kodi iliyoandikwa tayari ya kuhesabu sin na wenzake) zinafanya kazi ambayo wengi hawaijui. Chukua fdlibm, laibrari ya hisabati ya kampuni ya Sun, ya 1993, ambayo watoto na wajukuu wake wamo kwenye Java, kwenye FreeBSD na kwenye kivinjari unachosomea uzi huu. Kwanza inaikunja pembe yako hadi iwe kati ya nyuzi 45 hasi na 45 chanya. Kisha inatumia polinomia ya daraja la 13. Ukifungua kodi utaona namba ya kwanza ni -1.66666666666666324348e-01. Aliyesoma fomu six atasema hapa kuna kosa la uchapaji, mbona moja ya sita ni 0.1666666666666666667? Hapana. Mfululizo wa Taylor unapiga shabaha sana karibu na sifuri halafu unachoka pembeni. Wao wanataka kosa lisambae kidogokidogo kwenye eneo lote, kwa njia inayotokana na kazi ya mwanahisabati Remez ya mwaka 1934, na ili lisambae inabidi kila namba isogezwe kidogo kutoka kwenye ile ya kitabuni.

Sasa leteni malalamiko yenu hapa. Naamini kila moja tutaligundua ama ni kabla ya sin, ama ni baada.

#2 mzee_wa_kijiwe

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja wajuvi waje.

#3 BodaTech (Uyole)

Mkuu FundiBodi, umefika kwenye kidonda. Kuna kikundi cha bodaboda tunakitengenezea kifaa cha kupima umbali, ubao mdogo wa Arduino Uno na moduli ya GPS. Kodi ya umbali tulipewa na jamaa. Pikipiki ikiwa Kabwe, unaisogeza polepole kuelekea Mwanjelwa, skrini inasema 0.00, 0.00, 0.00, halafu ghafla 2.20. Ukiendelea inaruka 3.11, halafu 3.81. Katikati hakuna kitu. Ikisimama palepale, kuna wakati inaandika "nan". Aliyetuuzia moduli anasema ni antena, tununue kubwa.

Fomula ni ile ya duara la dunia (a ni latitudo, b ni longitudo, 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita):

d = 6371 * acos( sin(a1)*sin(a2) + cos(a1)*cos(a2)*cos(b2-b1) )

Na vyote nimevitangaza kama double, kwa hiyo suala la biti sidhani.

#4 FundiBodi

Usinunue antena, kaka. Nazijua hizo namba tatu ulizotaja bila hata kukiona kifaa.

Kwanza, kwenye Uno ukiandika double unapewa floti (float), ndugu mdogo wa dabo, baiti 4, biti 24 za tarakimu. Kompaila haikwambii kitu, inakuitikia tu.

Pili, tazama kilichomo ndani ya mabano ya acos (kinyume cha cos: unaipa cos, inarudisha pembe). Pointi mbili zikiwa jirani, jumla ile inakaribia 1. Je, floti ya kwanza chini ya 1 ni ipi? Ni 1 toa 2 kwa kipeo cha -24, yaani kama 0.99999994. Kati ya hiyo na 1 hakuna namba nyingine. Piga acos yake: radiani 0.000345. Zidisha kwa 6371, unapata kilomita 2.20. Hiyo ndiyo hatua yako ya kwanza. Floti inayofuata kushuka inakupa 3.11, ya tatu 3.81, ya nne itakuwa 4.40. Pikipiki haina ruhusa ya kuwa kilomita moja kutoka Kabwe, kwa sababu hakuna namba ya kuieleza.

Na "nan" (not a number, yaani "si namba") inakuja pale makosa madogo ya kuzidisha yanapoisukuma jumla juu ya 1 kidogo. acos ya namba iliyozidi 1 haipo.

Umeona? sin zako mbili na cos zako tatu ni safi. Umbali ulikuwa tayari umeuawa kwenye kujumlisha, kabla acos haijaguswa. GPS ilileta taarifa nzuri, fomula ikaimeza.

#5 BodaTech (Uyole)

Dah. Miezi tunahangaika na waya. Sasa nihamie ubao wenye dabo ya kweli?

#6 FundiBodi

Ukihamia ubao wa ESP32, double ni baiti 8 kweli, na hatua ya kwanza kutoka sifuri itakuwa sentimita 9 na nusu badala ya kilomita 2.2. Kwa bodaboda inatosha na kubaki. Lakini kwa nini ununue ubao wakati fomula ndiyo mbovu? Tumia ya haversine:

h = sin²(da/2) + cos(a1)*cos(a2)*sin²(db/2)
d = 2 * 6371 * asin( sqrt(h) )

Hapa tofauti ndogo inabaki kuwa namba ndogo, haijafichwa nyuma ya 1. Floti inazijua namba ndogo vizuri sana, shida yake ni namba ndogo iliyobandikwa kwenye kubwa. Wanamaji walikuwa na majedwali ya haversine tangu karne ya 19 kwa sababu hiyohiyo, walikuwa na tarakimu chache za kuchezea. Mwaka 1984 Roger Sinnott akaandika kwenye jarida la Sky & Telescope kuwakumbusha watu wa kompyuta.

Jambo moja tu: da (a2-a1) na db (b2-b1) zitoe kwenye nyuzi kwanza, ndipo ugeuze kuwa radiani. Kutoa floti mbili zinazokaribiana hakuongezi kosa hata chembe, jibu ni kamili. Kinachobaki ni ukubwa wa hatua ya floti yenyewe: longitudo ya Mbeya ni 33 na kitu, pale floti inaruka kwa kama sentimita 42 ardhini. Ukitaka kuliondoa na hilo, moduli nyingi zinaweza kukupa nyuzi kama namba kamili, zimezidishwa kwa milioni 10. Ichukue hivyohivyo kwenye int32 (namba kamili ya biti 32), toa, halafu ndiyo uingie kwenye floti.

#7 MtiMkavu (Mafinga)

Kamwene wote.

Nimesoma yote na nina neno. Sisi huku Mufindi tunapima urefu wa miti ya kuvuna: unasimama mita 20 kutoka kwenye shina, unasoma pembe ya kilele, unazidisha kwa tan, unaongeza urefu wa jicho. Pembe ikiwa karibu na 45, ukikosea nyuzi moja tu kusoma, urefu unakosea karibu sentimita 70. Na upepo wa huku unaujua, kilele hakitulii. Sasa mtu anakuja kuniambia tan ya 45 kwenye simu ni 0.9999999999999999. Inanihusu nini? Tarakimu nne zinanitosha, hata ile simu ya kitochi ikinipa tatu nashukuru.

Kwa maoni yangu nusu ya hii mijadala ni ya watu wasiopanda milima.

#8 FundiBodi

Na mimi nakuunga mkono. Fomula yako inabeba kosa kama lilivyo, haiikuzi. Kosa la tarakimu ya 16 linatoka likiwa bado kwenye tarakimu ya 16. Ya BodaTech inalichukua kosa la tarakimu ya nane na kuligeuza kilomita mbili. Ndiyo maana siwaambii watu wahesabu tarakimu, nawaambia waangalie fomula inafanya nini karibu na 1 na karibu na sifuri.

Jaribio la haraka kwa anayetaka kuona kwenye laptopu yake, dabo kamili: andika 1 - cos(1e-8). Utapata sifuri kavu. Jibu la kweli ni 5e-17. Andika 2*sin(0.5e-8)*sin(0.5e-8), ambayo kwenye karatasi ni kitu kilekile, utapata 5e-17 yako.

#9 Sola_Kilolo

Mimi yangu ni ya ajabu kidogo. Inverter ya kujitengenezea, 50 Hz, mikrokontrola inahesabu sin(2*pai*50*t), t ni sekunde tangu iwashwe, floti. Ukiwasha asubuhi, wimbi kwenye oskiloskopu ni laini kama maziwa. Mchana linaanza kuwa na ngazi. Ukiiacha usiku kucha, asubuhi yake transfoma inanguruma, TV ya jirani haiwaki. Zima, washa, inapona. Nimebadilisha kapasita zote. Hapo sin si ndiyo inachoka?

#10 binti_Iyunga

Naomba nimjibu huyu, FundiBodi, niko chuo hapa Iyunga na hili ndilo ninalolifanyia kazi.

Kaka, sin haichoki, anayechoka ni t. Floti ni kama futi kamba ambayo alama zake zinaachana kadiri unavyoivuta. Mwanzoni alama ni za karibu mno. Ukipita sekunde 16,384, yaani saa nne na nusu hivi tangu uwashe, alama zinaachana kwa sekunde 1/512. Wimbi lako la 50 Hz lina urefu wa sekunde 0.02, kwa hiyo linabaki na ngazi kumi tu. Hizo ndizo ngazi zako za mchana. Ukipita sekunde 65,536, saa 18 na dakika 12, alama zinaachana kwa 1/128: kila wimbi linapata pointi mbili na nusu. Hilo siyo wimbi tena, na transfoma yako inakwambia hivyo kwa sauti.

Laibrari inaikunja pembe vizuri tu. Lakini ilipoifikia, vipande vya sekunde vilikuwa vimeshadondoka njiani.

Usihesabu t kabisa. Weka namba kamili ya biti 32 isiyo na alama, mzunguko mmoja mzima uwe 2 kwa kipeo cha 32. Kama unatoa sampuli 10,000 kwa sekunde, kila sampuli ongeza 21,474,836. Ikijaa inarudi yenyewe kwenye sifuri bila kupoteza kitu, hata iwake mwaka mzima. Biti 8 za juu zitumie kuchagua kwenye jedwali la sin lenye nafasi 256. Kwa hesabu yangu masafa yatakosea kama sehemu moja ya milioni ya Hz, kristali ya bodi yako inakosea zaidi ya hapo.

#11 Sola_Kilolo

Dada, Mungu akubariki. Kapasita nilizotoa ziko kwenye ndoo, nani anazitaka?

#12 MwalimuMstaafu (Tukuyu)

Vijana hamjambo. Nimefundisha hisabati miaka mingi, nawafuatilia.

Nina hoja mbili. Ya kwanza, FundiBodi amesema laibrari "inaikunja pembe" kana kwamba ni jambo dogo. Pembe ikiwa kubwa mno, kwa mfano sin ya 10 kwa kipeo cha 22, mnaikunjaje na pai yenye tarakimu 16? Na hata mkiweza, ina faida gani? Dabo mbili zinazofuatana kwenye ukubwa huo zimeachana kwa zaidi ya milioni mbili. Mtu aliyeleta namba hiyo hajui hata yuko kwenye mzunguko gani.

Ya pili, nimesoma mahali kwamba prosesa za Intel zilikuwa na sin isiyo sahihi. Iweje tuseme haikosei?

#13 FundiBodi

Shikamoo Mwalimu.

Ya kwanza. Hawatumii pai ya tarakimu 16. Kwenye fdlibm kuna jedwali la 2 gawanya kwa pai lenye tarakimu 396 za mfumo wa kumi na sita, biti 1,584. Ukilizidisha lote kwa pembe utakesha, lakini watafiti Payne na Hanek walionyesha mwaka 1983 kwamba huhitaji lote: biti za mwanzo zinatoa mizunguko kamili ambayo utaitupa, za mwisho ni ndogo mno kugusa jibu, kwa hiyo chukua kipande cha katikati kulingana na ukubwa wa pembe. Tena wameshamtafuta mtu mbaya kuliko wote: kati ya dabo zote duniani, ile inayojibanza karibu zaidi na kizidisho cha nusu pai ni 6381956970095103 mara 2 kwa kipeo cha 797, imebaki umbali wa kama 4.7e-19. Ukijua huyo, unajua biti za akiba zinazohitajika, na hakuna atakayekushtukiza.

Sin ya 10 kwa kipeo cha 22 ni -0.8522008497671888. Namba hiyo ina sifa moja, ndiyo kipeo kikubwa zaidi cha 10 kinachoingia kwenye dabo bila kukatwa, ndiyo maana watu huitumia kupima laibrari. Ikikupa kitu kingine, laibrari yako imekunja ovyo.

Faida? Hapo mimi na wewe tutatofautiana kwa heshima. sin haijui namba imetoka wapi. Labda ni takataka, labda mtu aliimaanisha hivyohivyo. Kazi yake ni kujibu alichoulizwa. Ikianza kubahatisha nia ya muulizaji, siku ikikosea hutajua umlaumu nani.

Ya pili ni kweli. Amri ya FSIN ndani ya prosesa za Intel inakunja kwa pai ya biti 66. Dabo ina 53, kwa hiyo karibu na pai zinabaki biti 13 za maana, kama tarakimu nne. Kitabu chao cha maelekezo kilikuwa kinadai kosa halifiki hatua moja ya mwisho. Mwaka 2014 mwandishi wa programu Bruce Dawson akaweka mahesabu hadharani, Intel wakarekebisha kitabu. Ila hiyo ni amri ya chuma. Laibrari za maana zinaiepuka, zinahesabu zenyewe kwa kuzidisha na kujumlisha, na mimi humu naisema laibrari.

#14 MwalimuMstaafu (Tukuyu)

Marahaba. Kwenye ya kwanza bado sijashawishika, lakini jibu lina mantiki.

Basi niulize lingine. Kwa nini zisitoe kila mara dabo iliyo karibu kabisa na jibu la kweli, bila ubishi? Majedwali ya hisabati ambayo wanafunzi wa fomu foo wanaingia nayo kwenye mtihani yana tarakimu nne, na aliyeyachapa alihakikisha ya nne imekadiriwa vizuri.

#15 binti_Iyunga

Mwalimu, shikamoo. Tatizo ni hilohilo la mchapa majedwali. Ukihesabu ukapata 0.12345000 na hujui kinachofuata, ya nne utaiandika 4 au 5? Inabidi uhesabu mbele zaidi. Wakati mwingine mbele kuna sifuri nyingine nyingi, na kwa sin hakuna kanuni rahisi ya kukwambia usimame wapi. Kwa floti unaweza kujaribu zote, ni kama bilioni nne, kompyuta inamaliza. Kwa dabo haziishi, inabidi kuwasaka wabaya wenyewe kwa hesabu, kazi ambayo watafiti Lefèvre na Muller kule Lyon waliifanya kwa miaka.

glibc, laibrari ya kawaida kwenye Linux, ilikuwa na njia ya polepole kwa ajili ya hao wabaya, wakaiondoa kwenye toleo la 2.28 mwaka 2018, kwa sababu mara chache programu ilikuwa inakwama ghafla na kwenda taratibu mno. Sasa kosa lake linazidi nusu ya hatua kwa kiasi kidogo sana. Kuna mradi wa CORE-MATH, Zimmermann na wenzake, unaotoa jibu lililokadiriwa sawasawa kila mara na kwa kasi nzuri. Nimeujaribu, naupenda.

#16 mzee_wa_kijiwe

Bado nipo siti ya mbele. Sasa mimi nataka tu sin ya nyuzi 30 iwe nusu. Basi.

#17 FundiBodi

Mzee, usikimbilie radiani. Pembe yako ikiwa ni nyuzi, ikunje ikiwa nyuzi: fmod(x, 360), yaani baki la kugawa kwa 360, ni kamili, haina kosa. Angalia iko robo gani, 30 na 90 na 180 zitambue hapohapo, ibaki kipande cha kati ya -45 na 45, hicho ndicho ukizidishe kwa pai gawanya kwa 180. Sin ya nyuzi 180 itakuwa sifuri, sin ya nyuzi 36,000,000 pia. Wenye kiwango cha IEEE 754, kanuni za namba kama dabo na floti, waliliona, toleo la 2008 linapendekeza sinPi na cosPi, ambazo unazipa pembe kwa vipimo vya nusu mzunguko na pai wanaishughulikia wenyewe ndani.

#18 BodaTech (Uyole)

Nimepakia haversine kwenye Uno ileile, antena ileile. Kabwe hadi Mwanjelwa inapanda mita kwa mita. Swali la mwisho: niliona mahali wanaandika asin(sqrt(fmin(1, h))). Hiyo fmin ya nini?

#19 FundiBodi

h inaweza kuvuka 1 kwa chembe pointi mbili zikiwa pande mbili kinyume za dunia, ukapata ile "nan" tena. Haversine udhaifu wake uko huko. Kinyume cha Mbeya ni katikati ya Bahari ya Pasifiki, kusini-mashariki ya Hawaii. Iweke tu, inachukua iliyo ndogo kati ya 1 na h, haili kitu, lakini abiria wa huko akipiga simu mwambie apande bajaji.